Sufuria Iliyoungua: Uchambuzi wa Kisa cha Mdogo Wangu na Kokeini

Simu iliita saa tano usiku. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, na hata salamu hakutoa. "Wifi, mume wangu ana mwanamke nje. Nimechoka kujidanganya."

Nilimsikiliza karibu saa nzima. Alichonieleza kilikuwa kweli tupu: pesa zinayeyuka bila maelezo, simu inalazwa kifudifudi, mume anarudi alfajiri na kunyoosha moja kwa moja bafuni. Alikosea mahali pamoja tu, pale alipojumlisha. Mwanamke hakuwepo. Kulikuwa na kokeini, na ilikuwa imeshaishi nyumbani mwao kwa miezi kama saba.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, na amekisoma chote kabla ya mtu mwingine yeyote. Majina nimeyaacha. Makosa yetu sikuyaacha, kwa sababu najua kuna mtu leo yuko palepale tulipokuwa sisi, ameshika kipande kimoja cha jambo na hajui ni kipande cha nini.

Kila mtu na kipande chake

Wakati huo mdogo wangu alikuwa na miaka 34, mke mmoja, mtoto wa kiume wa miaka 7, na kazi ya mauzo aliyoipenda. Sisi nyumbani neno "teja" tulikuwa na picha yake: mtu amechakaa, anasinzia amesimama, nguo hazijui maji. Ile ni picha ya heroini, tena ya mtu aliyebwia miaka mingi. Kokeini kazi yake ni kumwamsha mtu. Ndiyo maana miezi ya kwanza mdogo wangu alionekana bora kuliko alivyowahi kuwa. Alikuwa nadhifu, mchangamfu, ana mipango kila siku, kazini anavuka malengo. Tulimsifu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mwaka huu umeuanza kwa moto." Naumia nikikumbuka, maana alichokisikia yeye ni kwamba dada yake amependa huyu mtu mpya.

Mama ndiye aliyeuona mwili. Mashati yalianza kumning'inia, na siku moja aliona mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari, kingo za tundu zimechanika. Mama aliwahi kumuuguza dada yake aliyekuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, ule wa tezi kufanya kazi kupita kiasi, basi alisema hiyo ni tezi tu: mtu anakonda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, hatulii. Hakubahatisha. Dalili hizo zinafanana kabisa na za kokeini, na daktari yeyote makini ataanza kwa kuuliza kuhusu tezi.

Wifi aliuona usiku na mfuko. Mimi nilikuwa na jumbe. Saa tisa usiku zilikuwa zinaingia kumi, kumi na tano kwa mfululizo, kuhusu biashara tutakayofungua pamoja, jinsi anavyonipenda, jinsi watu wa kazini walivyo wajinga. Baada ya hapo kimya cha siku tatu. Nilipompigia Jumatatu alikuwa anajibu kwa neno mojamoja, sauti kama ya mtu aliyefiwa. Nilidhani ni mkazo wa kazi.

Kipande kilichokuwa na maana kuliko vyote alikuwa nacho mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Siku nilipokwenda kuwatembelea aliniambia, huku anachora: "Shangazi, baba anafungua maji bafuni mara nyingi, lakini hatoki amelowa."

Nilicheka. Nilimwambia pengine anapiga mswaki.

Baadaye ndipo nilipoelewa maji yale. Kokeini inayonuswa huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na stimu yake hudumu kama dakika 15 hadi 30 tu. Ikivutwa kwa moshi ni fupi zaidi, dakika 5 hadi 10. Mtu akilewa pombe anaweza kukaa mezani saa mbili bila kuinuka. Wa kokeini lazima ainuke, arudie, na akisharudia aanze tena kuhesabu. Kwa hiyo atakwenda msalani kila baada ya nusu saa, atafungua bomba ili mvumo wa pua usisikike, kisha atarudi ukumbini anaongea harakaharaka, anajipangusa pua kwa mgongo wa kiganja, au anapitisha kidole kwenye ufizi. Mtoto wa miaka 7 alikuwa amekwisha kuuona mtindo wote, akakosa jina lake tu.

Sufuria

Jumamosi moja mchana nilikuwa kwao. Wifi aliweka sufuria jikoni, akaenda kumwogesha mtoto. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Mdogo wangu alikuwa amekaa jikoni humohumo, hatua mbili kutoka kwenye jiko, amelipa mgongo, ameinamia simu. Harufu ilinifikia kwanza huku chumbani, ile harufu kali ya kitu kilichokauka na kushika chini. Nilitoka mbio. Nilipoingia jikoni moshi mweusi ulikuwa umeanza kupanda kwenye sufuria, naye aliniinulia uso akaniuliza, "Dada, mbona unakimbia?"

Hakuwa anatania. Hakusikia harufu yoyote.

Jua la mchana lilikuwa linapiga dirishani, limemmulika usoni, nikamtazama macho. Kwa mwanga ule mboni zilipaswa kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Zilikuwa zimetanuka, nyeusi, rangi ya jicho imebaki ukingo mwembamba tu kuzunguka. Taya lilikuwa linasaga. Alikuwa na mafua tangu miezi minne, mafua yasiyo na chafya, na kila mara upande uleule wa pua.

Kokeini hubana mishipa ya damu. Mwaka 1884 daktari wa macho Karl Koller, huko Vienna, alionyesha kwamba inatia ganzi jicho kiasi cha kuweza kupasuliwa. Sifa hizo mbili, kutia ganzi na kubana mishipa, zilifanya itumike hospitalini, na ndizo zinazoiua pua ya anayeinusa. Utando wa ndani hunyimwa damu mara kwa mara, unakauka, unachubuka, unavuja damu, uwezo wa kunusa unapotea. Kwa wengine hata ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua hutoboka. Mtu haumwi sana kwa sababu ile ganzi inamfichia.

Mzio nao huziba pua miezi mizima, lakini mara nyingi mtu wa mzio anapiga chafya, macho yanamwasha, na dawa ya mzio inampa nafuu. Mdogo wangu alikuwa na matone ya damu kwenye foronya. Wifi alikuwa amebadilisha foronya tatu mwezi ule, akidhani ni joto.

Daftari la hesabu

Wiki iliyofuata wifi alikuja kwangu. Tulichukua daftari la hesabu la mtoto, lile lenye vijumba, tukachora wiki sita zilizopita, kila kijumba siku moja. Mstari wa usingizi, mstari wa pesa, mstari wa pua, mstari wa hasira. Yeye alikuwa na taarifa za benki kwenye simu. Mimi nilikuwa na jumbe zenye saa na tarehe. Mama tulimpigia kumuuliza ni Jumapili zipi mwanawe alikuja kumwona na zipi alituma udhuru. Tulikubaliana tusibishane kwanza. Kila mtu aweke alama ya alichokiona, basi.

Tulipomaliza, wifi aliweka kalamu chini na hakusema kitu kwa muda mrefu.

Alama zilikuwa zimepanga foleni. Ijumaa usiku pesa taslimu zinatolewa mara tatu, kiasi kilekile kila mara: saa tatu, saa tano na nusu, saa saba na robo. Usiku huohuo jumbe zinamiminika kwangu. Jumamosi ni pua, meno yanayosaga, kutokula. Jumapili analala saa 14, akiamka anakula kama aliyetoka safari ya jangwani. Jumatatu na Jumanne hasira, machozi, "maisha haya yana faida gani." Jumatano anarudi mtu wetu, anacheka na mwanawe, anaomba radhi. Kisha Ijumaa.

Kwenye wiki ya tano alama za pesa zilitokea pia Jumanne. Wiki ya sita hakukuwa na Jumatano.

Kama kuna kitu kimoja ningependa kisibaki kwangu ni hiki. Dalili moja haithibitishi kitu. Kukonda kuna sababu mia, na pua inayovuja, simu iliyofichwa na mshahara usiofika mwisho wa mwezi nazo zina sababu zake. Kilichotufumbua macho ni kwamba vyote vilifuata ratiba moja. Mapenzi ya nje yanakula pesa, lakini hayamlazi mtu saa 14 kila Jumapili. Kubeti kunakula pesa na usingizi, lakini hakumnyimi mtu harufu ya sufuria inayoungua. Ugonjwa wa tezi unakondesha, lakini hauna Ijumaa. Hata bipola, ugonjwa wa akili ambao nao una kupanda na kushuka kwa hisia na ambao tuliufikiria kwa uzito, kwa kawaida hupanda kwa siku nyingi au majuma, haipandi saa tatu usiku na kushuka kesho yake.

Na kushuka kule kuna maelezo. Ubongo unapofurahia jambo, seli zake hutoa kemikali iitwayo dopamini, kisha huirudisha ndani ili hali itulie. Kokeini huziba mlango wa kurudia. Dopamini inajaa nje, mtu anajiona bingwa. Ikiisha, kunabaki upungufu: uchovu mzito, njaa, huzuni, kukosa raha katika jambo lolote. Heroini ikikatika mtu anaumwa mwili mzima, anatapika, anatetemeka, ile wanayoiita arosto, na familia inaiona kwa macho. Ya kokeini inakaa moyoni zaidi. Kwa mtazamaji ni mtu mvivu mwenye kisirani. Tulikuwa tunagombana naye kila Jumatatu kuhusu tabia, kumbe tulikuwa tunagombana na Jumapili yake.

Tulivyoharibu

Ningependa kusema kwamba baada ya daftari tulifanya jambo la busara. Hatukufanya.

Wifi alipekua nyumba. Nyuma ya kioo cha bafuni alikuta kipande cha karatasi ya gazeti la rangi, kimekunjwa kama bahasha ndogo ya kidole gumba, na kadi ya zamani ya benki yenye weupe ukingoni. Ilikuwa Ijumaa. Alingoja mpaka saa nane usiku mume aliporudi, akamtupia vile vitu kifuani.

Alikuwa juu kabisa wakati ule. Hakukana wala hakukubali. Alimwambia mkewe ametumwa na bosi wake amchunguze. Alizima taa, akaenda dirishani, akafungua pazia kwa kidole akisema kuna gari limesimama nje tangu jana. Alivunja simu ya wifi kwa sababu "inarekodi." Mtoto alikuwa amesimama mlangoni. Kisha akaondoka, na kwa siku mbili hatukujua alipo.

Shuku ile ni kazi ya dawa yenyewe. Anayetumia kwa wingi mfululizo anaweza kuona na kusikia visivyokuwepo, au kuhisi wadudu wanatembea chini ya ngozi na kujikuna mpaka kidonda. Huwezi kubishana na mtu aliye katika hali ile ukashinda, na unaweza kuumizwa. Kama kuna mtoto ndani ya nyumba, usiku ule kazi ya mtu mzima ni kumtoa mtoto hapo.

Mama naye alifanya lake kwa upendo. Mdogo wangu alikwenda kwake analia, akasema anadaiwa na watu wabaya, na mama akatoa akiba yake yote. Machozi yalikuwa ya kweli, naamini mpaka leo. Deni nalo lilikuwa la kweli. Ijumaa ile pesa zilitolewa mara nne.

Mimi kosa langu lilikuwa kutaka ushahidi. Nilimshawishi wifi tununue kipimo cha mkojo tumpime kwa hila. Mshauri nasaha tuliyekwenda kumwona, wifi na mimi tu, alituzuia kwa swali moja: "Kikisema hana, mtaamini?" Akatueleza kwamba kipimo kinatafuta mabaki ambayo kwa anayetumia mara mojamoja hukaa kwenye mkojo siku 2 hadi 4, na kwa anayetumia sana zaidi ya hapo. Ukipima siku isiyo yake unapata jibu safi la uongo. Ukipima siku yake unapata jibu la kweli na mtu asiyekuamini tena. Daftari letu, alisema, limeshatuambia zaidi ya kipimo.

Usiku wa kifua

Kabla hatujapanga lolote, alfajiri ya Jumapili moja mdogo wangu aliamka ameshika kifua. Maumivu yalipanda mpaka kwenye taya na bega la kushoto, jasho baridi. Alimwambia mkewe ni gesi. Wifi alinipigia huku anavaa, nikamwambia asingoje, na akifika aseme ukweli wote.

Alisema. Mbele ya mumewe, mbele ya watu, alimwambia daktari: "Ametumia kokeini na pombe usiku huu." Ananiambia hajawahi kutazamwa na mumewe vile, kabla wala baada. Daktari hakufoka wala hakuhubiri. Aliuliza saa ngapi na kiasi gani, akaanza kazi, kwa sababu maumivu ya kifua yaliyoletwa na kokeini yana matibabu yake, na daktari asiyejua anaweza kuchagua dawa isiyofaa.

Moyo ulikuwa haujafa sehemu yoyote. Mshipa ulikuwa umejibana, ukaachia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta kwamba katika saa moja ya kwanza baada ya kutumia kokeini, uwezekano wa shambulio la moyo hupanda karibu mara 24, na wapo waliopatwa wakiwa vijana. Pombe inazidisha. Vikikutana, ini hutengeneza kitu cha tatu kiitwacho kokaethilini, kinachokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuusumbua moyo zaidi. Hapo sijataja kinachochanganywa kwenye kete. Imewahi kukutwa levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo inayoshusha chembe nyeupe za damu, na imewahi kukutwa fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu inayoweza kuzuia pumzi ya mtu aliyedhani ananunua kokeini.

Kwa hiyo ukimkuta wako na maumivu ya kifua, degedege, joto kali la mwili na kuchanganyikiwa, au midomo imebadilika rangi na pumzi zinakwenda polepole, usikae kuulizana. Ni hospitali. Aibu mtaimaliza mkiwa hai wote.

Jumatano, saa kumi na moja jioni

Mshauri ndiye aliyetuambia tusiongee naye Jumapili ile ya hospitali, ingawa moyo ulikuwa unatuwaka. "Chagueni siku yake nzuri," alisema. Tulifungua daftari. Jumatano.

Tuliandaa maneno siku mbili. Mimi niliandika kwanza, "Wewe ni teja na unaiua familia," mshauri akanirudishia karatasi. Alitaka tuseme tulichoona, tulichohisi, na tunachoomba, bila kumpa jina. Alitaka pia tuwe wawili tu, sio baraza la ukoo.

Wifi alianza. "Baba wa mtoto, Jumamosi ile sufuria iliungua umekaa pembeni yake. Niliogopa. Ningekuwa nimetoka na nimekuachia mtoto, ingekuwaje?" Alinyamaza. Mimi nikasema, "Mdogo wangu, nina jumbe zako za saa tisa usiku na nina sauti yako ya Jumatatu. Nakupenda katika zote mbili. Lakini nimeona hizo mbili haziachani. Kuna daktari nimeongea naye, ana nafasi kesho asubuhi. Twende wote, uingie mwenyewe, mimi ningoje nje."

Alitazama sakafu. Alisema, "Kwani mmejua tangu lini?" Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Mtoto anajua?"

Wifi akamwambia alichosema mtoto kuhusu maji ya bafuni. Hapo ndipo alipolia.

Haikuwa bahati tu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walilinganisha njia tatu za kuwasaidia ndugu wa watu wenye tatizo la pombe waliokataa matibabu. Ndugu waliofundishwa kuzungumza kwa upole wakati ufaao, kumthamini mtu akiwa hajatumia, na kuacha kumfutia madhara ya matumizi, walifanikisha asilimia 64 kuingia kwenye matibabu. Kwa waliofundishwa kumkusanyikia na kumkabili kwa pamoja ilikuwa asilimia 30, na kwa waliohudhuria vikundi vya ndugu peke yake 13. Ilikuwa pombe, lakini mbinu hiyohiyo imejaribiwa na ndugu wa watumiaji wa dawa za kulevya na ikawaleta wengi kwenye matibabu.

Na tuliacha kufuta madhara. Mama hakulipa tena deni lolote. Wifi hakumwombea tena ruhusa kazini kwa uongo. Mshahara wa wifi ulihamia akaunti yake mwenyewe, ili ada ya mtoto isipite mikononi mwa mtu anayeumwa. Haya yalikuwa magumu kuliko mazungumzo, hasa kwa mama.

Baada ya hapo

Kwenye chumba cha daktari walimpa vigezo 11 vya kutambua uraibu, kutoka kwenye mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013. Viwili ndani ya miezi 12 vinatosha kusema kuna tatizo, sita na kuendelea ni hali nzito. Alihesabu mwenyewe, akafika 8. Anasema kuhesabu mwenyewe kulimsaidia kuliko kuambiwa, maana baadhi ya vigezo sisi tusingeweza kuviona: kwamba alijaribu kuacha mara nne peke yake, na kwamba alikuwa anahitaji nyingi zaidi kupata kilekile.

Tulitaka kidonge. Hakuna dawa iliyoidhinishwa rasmi ya kutibu uraibu wa kokeini, tofauti na heroini ambayo ina methadoni na nyinginezo. Kinachofanya kazi ni ushauri wa kubadili fikra na mazoea, na mpango wa zawadi ndogo kwa kila kipimo safi cha mkojo, mpango ambao wengi huubeza lakini katika uraibu wa aina hii ndio wenye ushahidi mzuri kuliko wote. Kwake yeye ilikuwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, na safari hii kipimo alikiomba mwenyewe.

Mwezi wa tatu aliteleza. Ilikuwa baada ya kupokea kamisheni, Ijumaa. Alimpigia mkewe kesho yake asubuhi kabla hajaulizwa. Wifi aliniambia amejiona mjinga kushukuru kwa simu ya aina ile, nikamwambia hapana, miezi minane nyuma simu ile isingepigwa. Mshauri alipanga upya: kamisheni zinaingia akaunti ya pamoja, Ijumaa jioni ni zamu yake kumpeleka mtoto kuogelea.

Leo ni miezi 14 tangu kuteleza kule. Harufu ilirudi polepole, sehemu yake. Mkanda umerudi tundu la zamani, lile la msumari limebaki pale.

Wiki iliyopita alipata mafua ya kweli, yenye chafya. Nilikuwa kwao. Alivuta pua mara moja mezani na sote tukanyamaza, hata mtoto aliacha kijiko hewani. Mdogo wangu aliinuka, akaenda kusimama dirishani kwenye jua, akamgeukia mkewe akafumbua macho makubwa ili amwone mboni. Wifi alimsogelea akamtazama kwa makini, jicho moja, kisha la pili, bila haraka. Halafu akamgusa paji la uso.

"Una homa," akasema. "Nenda ukalale."